Tafuta x: pembe ya darasani ilivyofika kwenye bikoni ya kiwanja chako

Kidato cha tatu, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Ubaoni kuna duara, ndani ya duara kuna pembetatu, kona moja imeandikwa 40 na nyingine imeandikwa x. Mwalimu kasema tafuta x. Mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo kifuani: "Mwalimu, hii x tukishaipata tunaipeleka wapi?" Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akajibu: "Mtaipeleka kwenye mtihani." Kweli tukaipeleka kwenye mtihani, na wengi wetu tukaiacha hukohuko.

Makala haya ni jibu lililochelewa miaka kadhaa. Yule mwenzetu aliuliza swali zuri kuliko tulivyodhani. Hiyo x imezunguka sana: imepita Ugiriki, Misri na Baghdad, ikapanda minara ya makanisa ya Uholanzi, na mwisho ikapanda vilima vya Uganda na magharibi mwa Tanzania. Kama familia yako ina kiwanja kilichopimwa na kuwekewa bikoni, basi x imeshafika mpaka kwenu.

Watu waliopiga marufuku nambari

Tuanze na kitu kidogo kinachoshangaza. Euclid, aliyeandika kitabu maarufu kuliko vyote vya jiometri huko Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, hakuwahi kuandika kwamba pembe za pembetatu zinajumlika kuwa nyuzi 180. Katika vitabu vyake 13 vya "Elementi" hamna nyuzi hata moja. Yeye anasema tu: pembe tatu za ndani ya pembetatu ni sawa na pembe mraba mbili. Basi.

Nyuzi ni urithi wa watu wengine. Wababeli walihesabu kwa makundi ya sitini, na wanajimu wa Kigiriki waliporithi hesabu zao za nyota, wakarithi pia ile tabia ya kugawa duara mara 360 na kila uzi kuugawa dakika 60. Ndiyo maana leo saa yako na kipimapembe chako vinaongea lugha moja ya dakika na sekunde.

Lakini kwa nini pembe mraba mbili? Uthibitisho wake ni mfupi kiasi kwamba unaweza kuufanya kwa kijiti mchangani. Chora pembetatu yoyote. Kwenye kona ya juu, pitisha mstari ulio sambamba na upande wa chini. Sasa angalia: pembe ya chini kushoto inajirudia juu, upande wa kushoto wa kona. Pembe ya chini kulia nayo inajirudia juu, upande wa kulia. Katikati yao imekaa pembe ya juu yenyewe. Zote tatu zimepangana kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari ulionyooka ni pembe mraba mbili. Wagiriki wenyewe walisema uthibitisho wa namna hii ulikuwa wa wafuasi wa Pythagoras, kabla ya Euclid.

Kumbuka yale maneno "mstari ulio sambamba". Tutarudi kwake, maana hapo ndipo kulipojificha jambo.

Ng'ombe wa Thales

Sasa duara. Simulizi za kale zinamtaja Thales wa Miletus, mfanyabiashara na mwanafalsafa aliyeishi karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Inasemekana aligundua kwamba ukichukua kipenyo cha duara, kisha ukachagua nukta yoyote kwenye mzingo na kuiunganisha na ncha mbili za kipenyo hicho, pembe inayopatikana ni pembe mraba, popote utakapoiweka hiyo nukta. Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba Thales alifurahi mpaka akachinja ng'ombe dume. Kisha Diogenes huyohuyo anakiri kwamba wengine wanasema aliyechinja ni Pythagoras. Kwa hiyo ng'ombe alichinjwa mmoja, wenye shughuli wawili.

Mimi furaha hiyo naielewa. Jaribu mwenyewe: chora duara kwa bikari, chora kipenyo, kisha sogeza nukta yako taratibu kwenye mzingo. Pembetatu inarefuka, inafupika, inainama, lakini pembe ile ya juu haibadiliki. Kila kitu kinatembea, pembe imetulia.

Euclid aliipa furaha hiyo sababu yake. Katika kitabu cha tatu anathibitisha kanuni pana zaidi, ambayo wengi wetu tuliikariri bila kuiangalia usoni: pembe iliyo kwenye kitovu ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo, zikiwa zimesimama juu ya tao lilelile.

Tuiangalie usoni. Duara lina kitovu O. Kwenye mzingo kuna nukta A na B, na wewe umesimama kwenye nukta P, upande wa pili. Chora mstari kutoka P kupita O na uendelee mbele kidogo. Sasa OP na OA ni nusukipenyo zote mbili, kwa hiyo ni sawa, na pembetatu OPA ina pembe mbili zilizo sawa, moja kwa P na moja kwa A. Pembe ya nje pale O ni jumla ya hizo mbili, yaani mara mbili ya ile ya P. Fanya hivyohivyo upande wa B. Jumlisha pande zote mbili: pembe AOB ni mara mbili ya pembe APB. Kama kitovu kimeangukia nje ya pembe yako, badala ya kujumlisha unatoa, na jibu ni lilelile.

Kutoka hapo mengine yanafuata yenyewe. Kama AB ni kipenyo, pembe ya kitovu ni nyuzi 180, na nusu yake ni 90: huyo hapo Thales na ng'ombe wake. Na kwa kuwa pembe ya kitovu haijali P iko wapi kwenye tao, basi kila mtu aliyesimama kwenye tao hilo anaiona AB kwa pembe ileile. Shika hilo la mwisho. Ndilo litakalotupeleka Uholanzi.

Njia ya kwenda huko haikuwa fupi. Mwanzoni mwa karne ya 9 al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar aliifasiri "Elementi" kwa Kiarabu huko Baghdad, wakati wa makhalifa Harun al-Rashid na al-Ma'mun. Karne ya 12 Mwingereza Adelard wa Bath akaifasiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Ulaya, kwa maneno mengine, ilimsoma Euclid kupitia kwa Waarabu.

Profesa aliyeitafuta nyumba yake

Willebrord Snellius alizaliwa mwaka 1580 na akarithi kazi ya baba yake ya kufundisha hisabati katika chuo kikuu cha Leiden. Wanafunzi wa fizikia wanamjua kwa kanuni ya kupinda kwa mwanga, ingawa Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameshaifikia mwaka 984. Mimi leo namtaka kwa kazi yake nyingine: alitaka kuipima dunia.

Wa kwanza kuipima kwa njia inayojulikana vizuri alikuwa Eratosthenes, huko Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo. Alilinganisha jua la mchana wa Syene, lililokuwa utosini kabisa, na kivuli cha Alexandria siku hiyohiyo. Pembe aliyoipata ilikuwa moja ya hamsini ya duara, kwa hiyo mzingo wa dunia ni mara hamsini ya umbali kati ya miji hiyo. Pembe ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa umbali. Unapimaje kwa usahihi mamia ya kilomita zenye mito na mabonde?

Mwaka 1533 Gemma Frisius alipendekeza jibu: usipime umbali, pima pembe. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, pande mbili nyingine unazipata kwa hesabu. Upande mmoja mpya unakuwa msingi wa pembetatu ya pili, nayo inazaa ya tatu, na mnyororo unaendelea. Ardhini unapima kipande kimoja tu. Vingine vyote unavipima kwa jicho.

Snellius alilifanya wazo hilo kuwa kazi. Kuanzia 1615 alipima kipande kifupi karibu na Leiden kwa mnyororo, kisha akaanza kupanda minara ya makanisa na kwadranti kubwa. Uholanzi ni tambarare, minara yake inaonekana toka mbali, kwa hiyo kila mnara ukawa kona ya pembetatu. Mnyororo wake ulitoka Alkmaar kaskazini mpaka Bergen op Zoom kusini. Mwaka 1617 akachapisha matokeo katika kitabu alichokiita "Eratosthenes Batavus", yaani Eratosthenes wa Uholanzi. Uzi mmoja wa dunia, alisema, ni kama kilomita 107.4 kwa vipimo vyetu. Jibu la leo ni karibu 111. Alikosea chini ya asilimia 4, na hakuridhika. Aliendelea kusahihisha hesabu zake mpaka alipofariki mwaka 1626.

Ndani ya kazi hiyo kubwa kuna kitu kidogo ambacho mimi nakipenda zaidi. Snellius alitaka kujua nyumba yake mwenyewe iko wapi hasa kwenye ramani. Minara ya mji alikuwa ameshaipima. Je, anaweza kujipata kwa kutazama minara mitatu tu toka nyumbani, bila kuteremka kupima hatua hata moja?

Anaweza. Tuchukue mfano wa nambari zangu. Mnara A na mnara B vimeachana mita 400. Wewe umesimama usipopajua na unaviona kwa pembe ya nyuzi 30. Kwa kanuni ya Euclid, uko kwenye duara linalopita A na B, ambalo kitovu chake kinaiona AB kwa nyuzi 60. Nusukipenyo mbili zenye pembe ya 60 katikati yao zinatengeneza pembetatu yenye pande zote sawa, kwa hiyo nusukipenyo ni mita 400. Chora duara hilo upande ule uliopo. Uko mahali fulani juu yake, ila hujui wapi.

Sasa geukia mnara B na mnara C. Tuseme vimeachana mita 300 na unaviona kwa nyuzi 45. Pembe ya kitovu ni 90, na nusukipenyo inakuja karibu mita 212. Chora duara la pili. Maduara haya mawili yanakutana sehemu mbili: moja ni mnara B, na hauko juu ya mnara B. Basi uko pale pengine. Umejipata.

Hapo ndipo lile zoezi la ubaoni lilipokuwa linaelekea siku zote. Nukta kwenye mzingo, pembe mbili, tafuta ulipo. Tatizo hili baadaye lilipewa jina la Mfaransa Pothenot, aliyelishughulikia mwaka 1692, lakini Snellius alikuwa ameshalitatua miaka 75 nyuma yake.

Duara la hatari

Ila kuna mtego. Tuseme kwa bahati mbaya umesimama kwenye duara lilelile linalopita minara yote mitatu, A, B na C. Duara lako la kwanza na la pili sasa ni duara moja. Hayakatani popote, yamelaliana. Kila nukta kwenye tao hilo inaiona AB kwa pembe ileile na BC kwa pembe ileile, na vipimo vyako, hata viwe safi vipi, haviwezi kukuambia uko kwenye nukta ipi. Tena hata ukiwa karibu tu na duara hilo, kosa dogo la kupima linakurusha mbali sana.

Wapima ardhi wanaliita duara la hatari, na mabaharia waliokuwa wakijitafuta karibu na pwani kwa kupima pembe za minara na vilima kwa sekstanti walifundishwa kulikwepa. Njia mojawapo ya kulikwepa ni kuchagua alama tatu ambazo ile ya katikati iko karibu nawe kuliko mbili za pembeni, au zote tatu zimekaa kwenye mstari mmoja.

Ona sasa: kanuni iliyokuokoa ndiyo inayokupoteza. "Pembe kwenye tao moja ni sawa" ndiyo inayokupa duara la kwanza, na ndiyo inayokunyima jibu ukisimama pabaya. Mwanafunzi aliyekariri kanuni atapata x yake mtihanini. Nahodha aliyekariri bila kuelewa atapata jibu pia, lenye nambari nzuri kabisa, na litampeleka kwenye mwamba.

Pale 180 inapozidi

Wapimaji walikuwa na njia nyingine ya kujikagua. Kwenye kila pembetatu, pima pembe zote tatu hata kama mbili zinatosha. Jumla ikitoka 180 na dakika 5, kuna mtu amekosea.

Lakini vifaa vilipokuwa bora, likatokea jambo la ajabu. Kwenye pembetatu kubwa, jumla ilizidi 180 hata bila kosa la mtu. Dunia ni tufe, na pembetatu iliyochorwa juu ya tufe huzidi kwa kiasi kinachotegemea eneo lake: kama sekunde moja kwa kila kilomita za mraba 200. Miaka ya 1820 Carl Friedrich Gauss, akipima ufalme wa Hannover, alitumia pembetatu kati ya vilele vya Hohenhagen, Brocken na Inselsberg, yenye upande mrefu wa zaidi ya kilomita 100. Ziada yake ni karibu sekunde 15. Sekunde 15 ni kitu kidogo kama unywele, lakini kwa mpimaji ni kosa ukiisahau.

Na yale maneno "mstari ulio sambamba"? Uthibitisho wa 180 unaegemea dai la Euclid kuhusu mistari sambamba, ambalo yeye aliomba tukubali bila uthibitisho. Omar Khayyam alihangaika nalo karne ya 11, Nasir al-Din al-Tusi karne ya 13, Saccheri mwaka 1733. Mwisho Lobachevsky mwaka 1829 na Bolyai mwaka 1832 wakaonyesha kwamba unaweza kulikataa na bado ukajenga jiometri isiyojipinga, ambayo jumla ya pembe za pembetatu ni chini ya 180. Kumbe ile sentensi tuliyoiimba darasani kama wimbo ina sharti: uwe kwenye uso bapa.

Mstari uliopita kwetu

Mwaka 1879 David Gill, mwanaastronomia wa Cape huko Afrika Kusini, alipendekeza mnyororo wa pembetatu kutoka kusini ya Afrika mpaka Misri, ukifuata meridiani ya 30 mashariki. Angalia ramani: mstari huo unapita jirani na Kasulu, Kigali na Kasese. Kipande cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Vita vikaja, fedha zikakosekana, mipaka ya wakoloni ikabadilika, na mnyororo mzima ukakamilika mwaka 1954, Gill akiwa ameshafariki miaka 40 iliyopita.

Tusidanganyane: kazi hiyo ilifanywa na serikali za kikoloni kwa faida zao. Ramani nzuri ilimsaidia mtawala kugawa ardhi ambayo haikuwa yake, na vyombo vizito vilipandishwa vilimani kwa migongo ya wapagazi ambao majina yao hayamo kwenye vitabu vya vipimo. Pembe inajua kujumlika, haki haiijui.

Ila nambari zilibaki, na zikawa zetu. Kutokana na mnyororo huo ulizaliwa mfumo uitwao Arc 1960, ambao ndio msingi wa ramani za upimaji za Kenya, Uganda na Tanzania kwa miongo mingi. Zile nguzo za zege unazozikuta juu ya vilima, ambazo watoto huzikalia wakichunga mbuzi, nyingi ni kona za pembetatu. Na mpimaji aliyekuja kuweka bikoni mtaani kwenu miaka ya nyuma alianzia kwenye nguzo ya namna hiyo. Siku jirani akisogeza ua wake na mkafika baraza la ardhi, kinachobishaniwa mle ndani, chini ya maneno yote, ni pembe na umbali ambavyo mtu alivipima akiwa na uhakika navyo.

Leo simu yako haipimi pembe. Inapima muda ambao mawimbi ya setelaiti yanachukua kukufikia, na kutoka hapo inapata umbali. Lakini jiometri haijaondoka. Setelaiti zikijipanga vibaya angani, hata zikiwa nyingi, nafasi yako inayumba, na hilo ni ndugu yake duara la hatari la mabaharia.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa dawati la nyuma, popote ulipo: x tunaipeleka kilimani. Na kama unasoma haya ukiwa kidato cha tatu, na mwalimu amechora duara ubaoni, usitafute x peke yake. Jiulize pia ni nani mwingine kwenye duara hilo anayeona pembe sawa na yako, halafu sogea hatua kadhaa uangalie tena.